Nilifeli Kidato cha Pili

Cheti changu cha kidato cha nne kipo nyumbani, mama amekitia plastiki, hakuna anayebisha. Kidato kilichonifelisha mimi ni cha lori.

Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye usukani. Kazi ilikuwa ya chumvi: tunapakia Gongoni, kule maji ya bahari yanakoingizwa mabwawani yakaachiwa jua mpaka ibaki nyeupe tupu, halafu tunaiteremsha Mombasa kwa njia ya Malindi. Lori nililirithi kwa mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa anastaafu. Goti lake la kulia lilikuwa likilia kila hatua kama mlango wa zizi. Alipewa siku tatu anifundishe, na mimi nikakaa mkao wa kufundishwa mambo makubwa: kona, mteremko, kupishana na mabasi ya usiku. Asubuhi nzima ya kwanza mzee alinipandisha na kunishusha kebini, panda, shuka, panda, shuka, taniboi anatutazama huku anakula embe.

"Umewahi kumuona mgema akiruka kutoka juu ya mnazi?" akaniuliza.

"La, mzee."

"Ama akashuka ameupa mnazi mgongo?"

"La."

"Basi huu ndio mnazi wako, mwanangu. Uso kwa gari. Mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja. Vitatu vimeshika, kimoja ndicho kinachotembea. Mkononi usiwe na kitu. Na vidato vyote uvikanyage, hata kama tumbo linakuendesha."

Kisha akajipiga goti, likalia. Hilo, akasema, si ajali ya barabarani. Ni kuruka tu, kila siku, tangu ujana wake.

Nikaitika "naam" kwa adabu zote. Moyoni nikasema mzee ameishiwa. Mtu una leseni ya daraja C, umeapa hutapita kilomita 80 kwa saa, unafundishwa kushuka garini kama mtoto anayefundishwa choo!

Mengine niliyashika upesi. Kifuniko cha redieta hakiguswi gari likiwa moto. Hilo nililijua taniboi aliponidaka mkono. Na kabla ya kuwasha gari unachungulia chini yake, kwa kuwa kivuli cha lori ni kitanda cha kila mwenye usingizi. Siku moja nilitoa wanaume wawili na mbuzi, na mbuzi ndiye pekee aliyeona haya. Lakini kushuka? Kushuka nani hajui?

Siku yenyewe tumevuka daraja la Sabaki, maji chini rangi ya chai ya maziwa, njaa inauma. Kabla ya kuingia mjini Malindi pana mama anauza mahamri na mbaazi za nazi, na mbele yake tuktuk zimejipanga zikisubiri abiria. Nikaegesha. Nilikuwa nimevaa kikoi, maana joto la injini lile hukuchoma mapaja kama mishikaki. Tajiri alikuwa amekataza, lakini tajiri hakuwepo. Miguuni ndara, ambazo asubuhi hiyo zilikuwa zimekanyaga maji ya chumvi huko mabwawani na bado zinateleza.

Nikavuta hendibreki, upepo ukatoka: psssss! Watu wote wakageuka. Kugeuka huko ndiko kulikoniponza. Dereva mgeni akitazamwa hashuki, hutua.

Nikafungua mlango, simu mkono huu, chupa ya maji mkono huu, mgongo kwenye kiti. Kidato cha juu nilikigusa kwa kisigino. Cha pili, ndara ikaenda zake na mimi nikaenda zangu. Ila kikoi hakikuja. Pindo lilikuwa limenasa kwenye kile chuma cha kusogezea kiti, na kwa muda wa kumeza mate nikaning'inia ubavuni mwa lori kama shuka iliyoanikwa. Nakumbuka niliona tuktuk kichwa chini. Fundo likafunguka. Mimi nikashuka, kikoi kikabaki juu kikipepea kama bendera ya jahazi.

Nilitua kwa makalio kwenye dimbwi la maji ya kuoshea sahani, nimevaa bukta ya ndani yenye picha za mananasi. Zawadi ya mke wangu. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Kimya. Kisha kijana mmoja wa tuktuk: "Kaka, hayo yameiva ama bado?"

Hapo ndipo taniboi alipofungua mlango wa upande wake. Akageuka, uso kwa gari. Akashika kwa mikono miwili. Akateremsha mguu, akautuliza, akateremsha wa pili, taratibu kama mgema aliyebeba kibuyu kimejaa. Sijawahi kutukanwa vile, na hakusema hata neno.

Mama wa mbaazi ndiye aliyenifunika kwa leso yake. Nikaondoka pale nikichechemea, fundo la mguu limefura kama hamri, na nyuma yangu vijana wanasoma jina la leso kwa sauti moja: "Mpanda ngazi hushuka!"

Tajiri nilimwambia nimeteleza bafuni. Picha ilikuwa imemfikia kabla yangu. Nililala nyumbani wiki tatu, na aliyeitwa kuendesha chumvi ni yule mzee, na goti lake. Jioni moja alipita kunijulia hali. Akala, akanywa chai, akaaga. Mlangoni akauliza, "Ulivaa viatu gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda zake: kriii, kriii.

Niliporudi kazini, kitu cha kwanza kilikuwa kumrudishia mama leso yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Nikaegesha palepale. Suruali ndefu, viatu vya kufunga kamba, mikono mitupu, leso nimempa taniboi ashuke nayo. Nikageuka uso kwa gari, nikaanza kuteremka. Mama alikuwa anakoroga mbaazi, hata macho hakuinua.

"Bado kimoja, Mananasi," akasema.