Bendera ya Zanzibar haijauvunja Muungano

Mjadala wa Muungano ukipamba moto, bendera ya Zanzibar haikosi kutajwa kama ushahidi kwamba wenzetu wa Visiwani wamekwisha jitenga kimyakimya. Lalamiko hilo lilifika hadi kwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba, na si la kubeza. Ibara ya 1 ya Katiba ya 1977 inasema Tanzania ni nchi moja, ilhali Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inaiita Zanzibar nchi. Sisi wa Bara, ambao bendera ya Tanganyika iliteremshwa mwaka 1964 isipandishwe tena, tuna haki ya kuuliza kwa nini ndugu yetu awe na mbili.

Lakini wengi wanaoilaumu bendera hiyo hawajaitazama. Ina mistari mitatu ya kulala, buluu, nyeusi na kijani, na kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti, imewekwa bendera nzima ya Jamhuri ya Muungano. Kona hiyo ndiyo pahala pa heshima kwenye bendera. Anayetaka kujitenga hampi mwenzake nafasi hiyo.

Tazama pia walichokiacha. Ilipoanza kupepea Januari 2005, Wazanzibari wangeweza kuirudisha ile nyekundu ya Desemba 1963, yenye duara la kijani na karafuu mbili, iliyoangushwa na Mapinduzi baada ya siku 33 tu. Hapo ningekuwa wa kwanza kushtuka. Badala yake walichukua rangi za Afro-Shirazi, chama kilichoungana na TANU mwaka 1977 kuzaa CCM. Hizo ni rangi za upande ulioufanya Muungano, na waliozichagua walijua wanachagua nini.

Tena usawa wanaoudai Wazanzibari umo ndani ya bendera yetu sote, ile ya Muungano. Mkanda mweusi wenye kingo za njano unakatiza kwa mshazari, ukiacha pembetatu mbili zinazolingana, ya kijani na ya buluu. Mistari ingelazwa, rangi moja ingeikalia nyingine. Buluu ile ni ya Zanzibar, na haikumezwa.

Wapo wanaohofia kwamba leo ni bendera, kesho ni kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 2017 Zanzibar ilipokewa CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwezi Machi, ikaondolewa Julai, kwa hoja kwamba si nchi inayojitegemea. Bendera ilikuwepo miaka 12 na haikuwapatia hata uanachama wa mpira. Mwishoni mwa mwaka huohuo Zanzibar Heroes, timu ya soka ya Visiwani, walifika fainali ya CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, wakafungwa na Kenya kwa penalti. Waliikosa medali ya dhahabu, ila walikuwa na bendera ya kupeperusha, na kwenye kona yake tulikuwemo na sisi.

Kinachotuuma Bara, nadhani, ni ile ya Tanganyika isiyokuwepo. Hilo ni dai halali, na wa kudaiwa si Zanzibar.