Mashine Nzima, Inajizima Tu

Jamani, kitu kikifa moja kwa moja mtu unapumua. Unakibeba hadi kwa fundi, anakwambia hiki cha kutupa, unatupa, maisha yanaendelea. Kinachomaliza watu ni kitu kinachoharibika nusu. Kompyuta yangu ya mezani ukimwita mtu aione, ni nzima. Inawaka, inapiga muziki, watoto wanacheza magari humo hadi wanagombana. Ila ikijisikia, katikati ya kazi, skrini nyeusi, tii! Halafu inajiwasha upya yenyewe, na nembo ya Windows inakukaribisha kwa upole utadhani ndiyo kwanza mnaonana.

Na haijizimi ovyo, inachagua. Ukiangalia marudio ya mpira umeshajua matokeo, inakaa dakika tisini na za nyongeza. Fungua orodha ya michango ya harusi uone.

Maana mimi ni katibu wa kamati ya harusi hapa mtaani. Sikugombea. Waliuliza nani ana kompyuta, nikakohoa, wakaandika jina. Ndivyo vyeo vyetu vinavyopatikana Mbagala: mwenye pikapu ni mwenyekiti wa usafiri, mwenye sauti ni mshereheshaji, mwenye kompyuta ni katibu hata kama hajui kuitumia. Kazi yangu ni kuweka jina, ahadi, alicholipa na salio. Excel kwa kawaida yake huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Sasa mashine yangu nadhani inalijua hilo, maana inaondoka dakika ya tisa.

Hapo ndipo wadaiwa wangu walipopata mwokozi. Yupo mjumbe mmoja, ahadi yake laki moja, tangu aahidi hajaleta hata shilingi ya kununulia kalamu. Kwenye kikao anasimama, anafunga kifungo cha koti: "Katibu, mimi nililipa. Labda mashine ilijizima wakati unaandika." Wajumbe wanaguna, wananitazama mimi. Mtu hajui hata kitufe cha kuwashia kiko wapi, lakini hilo tatizo la kompyuta yangu analieleza kwa ufasaha kuliko mwenye mali.

Nikasema hapana, hii lazima ijulikane inaumwa nini. Kosa la kutamka maneno hayo hadharani! Mtaa mzima ukageuka madaktari. Mama Neema, yaani mke wangu, alisema ni gemu za watoto. Mzee wa nyumba ya pili alisema virusi, na akanitazama kwa jicho la kuuliza huwa naangalia nini usiku. Shangazi alitaka kujua ni nani ametutembelea karibuni na alikaa kiti gani. Kijana wa kona, yule wa kutengeneza simu, hakuuliza lolote. "Tuipige Windows upya, bro mkubwa. Elfu ishirini tu." Huyu kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows. Hata ungempelekea pasi, angeitafuta sehemu ya kuchomeka flashi.

Aliyeniokoa ni shemeji, mdogo wake Mama Neema, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kompyuta. Tatizo lake hana haraka. Alikunywa chai kwanza, na vitumbua vyangu viwili, ndiyo akasema, "Shem, kabla hujaitibu iulize yenyewe. Kila kinachoipata inaandika." Akafungua programu inaitwa Event Viewer, ambayo ni daftari la matukio la Windows. Mistari kibao, na kati yake alama nyekundu: Kernel-Power, namba 41.

Nikasimama. Mwizi kapatikana! "Maana yake nini, shem?"

"Maana yake mashine imeamka ikakuta haikuzimwa kwa utaratibu."

"Hilo si ndilo nililokuitia?"

"Ndiyo shem. Na yenyewe imeshtuka."

Nilitaka kumdai vitumbua vyangu. Lakini alibonyeza ndani ya huo mstari akanionyesha kitu: BugcheckCode, mbele yake sifuri. Akanieleza kwamba Windows yenyewe ikianguka kwa ile skrini ya bluu, kwa kawaida pale huachwa namba ya kosa. Na ingekuwa imejizima kwa ajili ya masasisho, lingeandikwa tukio namba 1074 na jina la programu iliyotoa amri. Hapa hakuna amri, hakuna kosa, kuna sifuri. Imekatwa kauli kabla haijasema. Mimi hapohapo nikaipigia hesabu ile elfu ishirini ya kijana wa kona, nikaona imepona mfukoni.

Hata hivyo shemeji si mtu wa kuamini daftari peke yake. Aliingia kwenye mipangilio akaondoa tiki ya kujiwasha baada ya kuanguka, ili kama kuna skrini ya bluu inayopita haraka, ibaki tuisome. Wapi! Nyeusi ileile, tii! Akafungua ubavu wa mashine. Jamani, msifungue mbele ya wageni. Feni ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imevaa sweta la vumbi, na chini ya hadi diski, pale penye joto zuri, mjusi kafiri alikuwa ametaga mayai mawili meupe, ameyapanga pembeni kwa heshima. Tulisafisha kwa brashi ya rangi. Joto tukalikagua kwenye BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijaamka, halikufika hata nyuzi 60. Na shemeji akasema prosesa ikichemka kupindukia, huko karibu na nyuzi 100, mashine huwa inazima ikabaki imezima, haikimbilii kujiwasha papo hapo.

Ikabaki ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine. Akaandika mdsched, amri ya kuita kipimo cha ramu cha Windows, akaiacha ijipime usiku kucha. Asubuhi ikatoa majibu: hakuna kosa. Sisi wawili tumeshika viuno, tumekwama, Mama Neema anapita na beseni lake anauliza, "Kumbe usiku kucha haikujizima?"

Shemeji akageuka polepole. "Dada, usiku kuna kitu gani kinazimwa humu ndani?"

Mama Neema akanyamaza. Kila mtu nyumba hii anajua kitu gani kinazimwa usiku. Friji. Analizima kabla ya kulala ili kubana yuniti za LUKU, analiwasha alfajiri. Na friji si kitu cha kutaja hovyo hapa, maana ndimo zinamoganda barafu za ukwaju anazouzia watoto wa shule.

Shemeji akavuta kigoda, akakaa katikati ya sebule na ukumbi, sikio moja kwa friji, jicho moja kwa skrini, kidole juu. Tukakaa kimya, hata watoto. Friji likakohoa, likasema grrr-dung, taa ya sebuleni ikafinya jicho, na kompyuta, tii! Kidole kikashuka. "Umeona, shem?"

Kompresa ya friji, kumbe, wakati wa kuanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Kwa nyaya zetu hizi, na ile ekstensheni inayolisha friji, televisheni, kompyuta na chaja za ukoo mzima, umeme unashuka kwa kitambo kidogo sana. Pawa saplai, lile sanduku la kuigawia mashine umeme, ikiwa nzima inatakiwa kuhimili upungufu huo kwa kama milisekunde 16, kwa akiba iliyo kwenye kapasita zake, vile vikopo vya kutunzia umeme. Ikichoka, haihimili. Inaiarifu mazabodi, ile bodi kuu, kwamba umeme si salama, mazabodi inafuta kila kitu, umeme unarudi palepale, na mashine inaanza upya. Ndiyo maana haibaki imezima. Yote hayo yanatokea kabla hujapepesa jicho, pamoja na michango ya watu.

Kesi ikahamia kwa friji, na friji lina wakili. "Friji langu halijawahi kumgusa mtu," Mama Neema alisema, mikono kiunoni. "Tena linaingiza hela. Hiyo mashine inaingiza nini? Majina ya watu wasiolipa." Nilipendekeza kwa adabu kwamba lizimwe saa moja tu jioni niandike ripoti. Sitayarudia hapa niliyojibiwa.

Basi ikawa pawa saplai. Shemeji alimulika tochi ya simu kwenye matundu yake: kapasita mbili zimevimba vichwa, moja inatoa ute wa kahawia. Nikachukua bisibisi, akanipiga mkono. Kumbe kapasita kubwa ya mle inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata umechomoa waya ukutani. Ubavuni mwa hiyo pawa saplai yangu pameandikwa wati 500. Shemeji aliipima mkononi, akacheka, akaniambia karatasi ndiyo nzito humo.

Kariakoo muuzaji alitutolea mpya, inang'aa, nyepesi vilevile, "orijino kabisa bosi." Shemeji akaikataa bila kuifungua, akaomba ile ya mtumba iliyokuwa imeegemezea mlango. Nikaona aibu, lakini kweli ilikuwa nzito. Kijana wa duka akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha pini, feni ikazunguka. Mita ikawekwa kwenye waya wa njano, ikasoma volti 12.1. Inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Muuzaji akashauri tuchukue na UPS, ile betri ya akiba umeme ukiyumba, akataja bei, tukaagana vizuri.

Tangu ifungwe, friji linakohoa, taa inafinya jicho, mashine inaendelea na kazi zake. Ekstensheni nayo nimeitenganisha, friji lina tundu lake ukutani. Orodha imekaa, jina moja moja, ahadi, malipo, salio, na kwenye kikao niliisambaza imechapishwa. Wajumbe waliisoma kwa utulivu usio wa kawaida. Hakuna aliyesimama.

Tulipotawanyika, yule wa laki moja akanifuata hadi getini, akanishika bega kirafiki, akasema amefurahi kusikia mashine imepona. Akaniuliza hali ya friji. Nikamwambia ni zima. Akatikisa kichwa, akatazama huku na huku, akashusha sauti: "Na ukiwasha pasi pamoja na friji, katibu, bado haijizimi?"