Wawili Wawili au Saba Saba? Gharika ya Nuhu na Mabamba ya Babeli

Fungua Mwanzo 6:19 usome polepole. Nuhu anaamriwa aingize safinani wanyama wawili wawili wa kila namna, mume na mke. Shuka kidogo hadi 7:2, amri ni nyingine: wanyama safi wawe saba saba, na wasio safi ndio wawili wawili. Katika 7:12 mvua inanyesha siku 40, lakini sura hiyohiyo inafungwa kwa maji yaliyoshinda juu ya nchi siku 150. Nuhu na jamaa yake wanaingia safinani mstari wa 7, na mstari wa 13 wanaingia tena. Msomaji wa tafsiri yetu ya Union ataona na jambo jingine: panaposemwa "saba saba" msemaji ni BWANA, na panaposemwa "wawili wawili" msemaji ni Mungu. Watafsiri hawakujibunia hilo. Wamefuata Kiebrania, ambamo mahali pamoja limeandikwa jina la YHWH (BWANA) na mahali pengine Elohim (Mungu).

Wapo wanaojibu kwamba hapa hapana tatizo. Sura ya 6 imetoa amri kwa jumla, ya 7 ikaifafanua. Na zile siku 40 za mvua zimo ndani ya siku 150 za maji kutawala. Ni jibu la kuheshimiwa, na wanaolitoa si watu wasiojua kusoma. Ila kuna kitu ambacho jibu hilo halikigusi. Katika 8:20 Nuhu anatoka safinani, anajenga madhabahu na kutoa sadaka ya wanyama safi. Ondoa zile saba saba, ubaki na wawili wawili tu, na sadaka hiyo ingemaliza kizazi cha ng'ombe na kondoo duniani siku ileile walipookolewa. Sasa fuata mistari ya "Mungu" peke yake: haina saba saba, na haina sadaka. Mistari ya "BWANA" ina vyote viwili. Kila mkondo unajitosheleza. Hilo ndilo linalonifanya nikubali kwamba hapa zimeunganishwa simulizi mbili.

Mtu wa kwanza kuzitenganisha kwa utaratibu kwa kufuata majina ya Mungu katika kitabu kizima cha Mwanzo alikuwa tabibu Mfaransa, Jean Astruc, mwaka 1753. Ni vizuri kukumbuka nia yake, kwa sababu kwetu mtu akitaja "vyanzo vya Torati" huonekana amekuja kubomoa. Astruc alikuwa akimtetea Musa: alidai kwamba Musa alikuwa na kumbukumbu za kale mezani pake akazipanga. Ni baadaye, hasa kwa msomi Mjerumani Julius Wellhausen mwaka 1878, ndipo hoja ilipomwacha Musa kabisa na mkondo wa "Mungu" ukahesabiwa kuwa kazi ya makuhani, ulioandikwa wakati wa uhamisho wa Babeli au baada yake, Yerusalemu ikiwa imekwisha kuanguka mwaka 586 KK.

Upande wa pili nao una watu wazito. Umberto Cassuto, msomi Myahudi wa Italia aliyefundisha Yerusalemu, alishikilia kwamba majina mawili ya Mungu yana kazi mbili: Elohim ni Muumba wa wote, YHWH ni yule aliye karibu na mwanadamu. Mwaka 1978 Gordon Wenham, msomi Mwingereza wa Agano la Kale, akaonyesha kwamba simulizi nzima imejengwa kama kioo: siku 7, 7, 40, 150, kisha 150, 40, 7, 7, na katikati kabisa, 8:1, yamewekwa maneno "Mungu akamkumbuka Nuhu". Ni ugunduzi mzuri, ingawa zile siku 7 mbili za mwanzo, ukizikagua katika 7:4 na 7:10, ni wiki moja iliyohesabiwa mara mbili. Hata hivyo, kioo hicho kinanithibitishia kwamba aliyeipa simulizi umbo lake la mwisho alikuwa bingwa. Hakinithibitishii kwamba kitambaa kilikuwa kimoja tangu mwanzo. Fundi hodari hushona vitambaa viwili vikawa vazi moja, na mshono usiwe aibu.

Hayo yote yangebaki mjadala wa wasomi kama si bamba moja la udongo. Tarehe 3 Desemba 1872, George Smith wa jumba la makumbusho la Uingereza alisoma hadharani jijini London maandishi yaliyochimbwa Ninawi, katika maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Ilikuwa sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, utenzi wa kale wa Babeli. Mtu aitwaye Utnapishtim anaonywa na mungu mmoja, anajenga chombo, anaingiza jamaa na wanyama, chombo kinatua mlimani. Anamtoa njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Anatoa sadaka, na miungu wanasikia harufu nzuri na kukusanyika juu yake kama nzi. Katika Mwanzo, kunguru ndiye anayetangulia, njiwa anafuata, na BWANA "akasikia harufu ya kumridhisha". Hata neno la Kiebrania la lami inayopakwa safinani, kofer, ni ndugu wa neno la Babeli, kupru, na kwa maana hiyo ya lami halionekani kwingine kokote katika Agano la Kale.

Je, Waebrania walichukua kwa Wababeli? Wapo wanaosema mataifa yote mawili yamehifadhi kumbukumbu ya tukio moja, na Waislamu nao, wanaomsoma Nuhu na jahazi lililotua juu ya mlima Judi, wanasimama karibu na msimamo huo. Tukio moja lingeweza kueleza maji, chombo, hata ndege. Ila harufu ya sadaka inayopanda hadi mbinguni ni lugha ya msimulizi, na msimulizi mmoja huisikia kwa mwingine. Wala si lazima tungoje uhamisho: kipande cha utenzi wa Gilgamesh kimepatikana Megido, katika nchi ya Kanaani, cha kama karne ya 14 KK. Simulizi hizi zilikuwa zinatembea zamani.

Lakini kuchukua si kunakili. Katika simulizi ya Atrahasis, simulizi nyingine ya gharika ya Babeli, ya karne ya 17 KK, mungu Enlil anawagharikisha watu kwa sababu kelele zao zinamnyima usingizi. Katika Mwanzo 6:11 sababu ni kwamba "dunia ikajaa dhuluma". Baada ya maji, miungu wa Atrahasis wanaamua kupunguza watu kwa utasa na vifo vya watoto wachanga, Nuhu anaambiwa, "Zaeni mkaongezeke mkaijaze nchi." Mwandishi wa Kiebrania alilijua jibu la Babeli, naye akaligeuza juu chini.

Na kuna mageuzi mengine makubwa kuliko hayo. Katika 6:5 wanadamu wanahukumiwa kwa kuwa kila kusudi la mioyo yao ni baya. Katika 8:21 BWANA anaahidi kutoilaani nchi tena, "maana mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake". Sababu ya kuangamiza imekuwa sababu ya kuvumilia. Maji hayakumbadili mwanadamu hata kidogo. Aliyebadilika ni Mungu, yule aliyeghairi na kuhuzunika moyo katika 6:6. Kisha anauweka upinde wake winguni, na Kiswahili hapa kimebahatika: kama Kiebrania, neno letu la upinde wa mvua ni lilelile la upinde wa vita.

Hapo ningependa kuwapa Waebrania ushindi wote, lakini maandiko ya Babeli yananizuia. Katika Atrahasis, mungu mke aliyewaumba watu anawalilia waliokufa maji: wameujaza mto kama kerengende. Katika Gilgamesh, mungu mke Ishtar anapiga ukelele kama mwanamke mwenye utungu. Mwanzo 7:21 inasema tu kwamba kila chenye mwili kikafa. Huzuni ya Mungu imeandikwa kabla ya maji kuja. Maji yakishapanda, hakuna anayelia.