Kabla Hujasema Shoo ya Jinja Imeharibika, Soma Kwanza Karatasi za Chicago

Kila msimu wa shoo ya Jinja, yale maonyesho yetu ya kilimo hapa Uganda, ukikaribia watu wanaanza ile habari yao, eti shoo za siku hizi si shoo tena, ni muziki na chips na vijana kupiga selfi mbele ya trekta ambalo hawatalinunua maisha yao yote, zamani ndio kulikuwa na maonyesho ya maana, na hapo mtu anakutajia maonyesho makubwa ya dunia ya London au Chicago ya karne ya 19 kana kwamba alikuwepo. Mimi nafundisha historia na Kiswahili sekondari huku Busoga, mashariki mwa Uganda, na maneno haya yananikera kweli. Shoo yetu naipenda, sikatai, lakini kinachoniudhi ni kwamba hao wanaosema hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu aliyekuwepo kwenye hayo maonyesho ya zamani. Wanachukua kitu walichokiona kwa macho yao, vumbi na kelele na foleni ya choo, wanakilinganisha na kitu walichokisikia kwa sifa tu. Huo si ulinganisho jamani.

Msimamo wangu ni kwamba ukitaka kulinganisha maonyesho ya kale na ya hapa kwetu uchukue vyanzo vya awali vya pande zote mbili, tiketi, katalogi, picha, barua, hesabu za pesa, sauti za waliokuwepo, uviweke mezani pamoja halafu ndio uanze kuongea. Na ukifanya hivyo kwa dhati utaona shida yetu kubwa haiko kwenye shoo yenyewe, iko kwenye kwamba hatuweki chochote.

Tuanze na hiyo Chicago basi. Maonyesho ya 1893 yalifunguliwa Mei 1 yakafungwa Oktoba 30, na milango ilihesabu watu zaidi ya milioni 27, ingawa hapo kumbuka mtu aliyeingia mara tatu amehesabiwa mara tatu. Picha zake ziko tele kwenye intaneti, bure kabisa, maktaba ya bunge la Marekani imeziweka, na ukiwaonyesha wanafunzi wanabaki midomo wazi, majumba meupe makubwa, mabwawa, sanamu, kila kitu kimenyooka. Halafu unawauliza, nani alishika kamera? Hapo ndipo somo linapoanza. Mpiga picha rasmi alikuwa mmoja, C. D. Arnold, aliyepewa haki hiyo na waandaaji wenyewe, na mgeni wa kawaida aliyetaka kuingia na kikamera chake cha mkononi alilipa dola 2 kwa siku wakati kiingilio chenyewe kilikuwa senti 50. Yaani kupiga picha kulikuwa na bei mara nne ya kuingia! Kwa hiyo ule weupe na unyoofu tunaousifia ni macho ya mwenye shughuli. Kuamini picha hizo peke yake ni kama kuuliza habari za harusi kwa bwana harusi tu.

Na hao wanaolalamikia muziki na chips, waende wasome habari za Midway, ile barabara ya burudani iliyokuwa pembeni ya majumba meupe. Huko ndiko lilikosimama gurudumu la George Ferris, vyumba 36, likijaa linabeba watu 2,160 kwa mpigo, na tiketi yake ilikuwa senti 50, sawasawa na kiingilio cha maonyesho yote. Kulikuwa na mtaa wa Cairo wa kuigiza, ngamia wa kupanda, wacheza ngoma za kukata kiuno ambao magazeti yaliwaandika kwa hasira na watu wakazidi kumiminika. Burudani haikuingia kuharibu maonyesho juzi, ilikuwepo na ndiyo iliyovuta umati. Sasa mtu akiniambia Jinja imeharibika kwa sababu kuna jukwaa la wasanii karibu na banda la mbegu, namuuliza, imeharibika ukilinganisha na ipi?

Lakini karatasi ninayoipenda kuliko zote kwenye habari ya Chicago haikutolewa na waandaaji, ilitolewa kuwapinga. Ida B. Wells, mwandishi mwanamke Mweusi aliyekuwa akipigania haki Marekani, alichapisha kijitabu akishirikiana na Frederick Douglass, mzee Mweusi aliyezaliwa utumwani akawa mpigania haki maarufu, na wenzao wengine wawili, kueleza kwa nini Wamarekani Weusi walifungiwa nje ya maonyesho yale, na dibaji yake waliiweka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani ili wageni wa nje waisome. Walikigawa wapi? Kwenye banda la Haiti, maana Haiti ndiyo iliyompa Douglass kazi ya kuiwakilisha pale, nchi yake mwenyewe haikumpa nafasi ya maana. Humo Douglass analalamika pia kwamba Waafrika kutoka Dahomey, Benin ya leo, waliletwa kwenye kijiji cha maonyesho ili mtu Mweusi aonekane mshenzi. Wanafunzi wangu wakisoma kijitabu kile baada ya kuona picha za Arnold, darasa linanyamaza, halafu linaanza kubishana, na mabishano hayo kwangu yana thamani kuliko noti za term nzima.

London ya 1851 naitumia kwa kitu kimoja tu, bei. Tiketi ya msimu mzima kwa mwanaume ilikuwa gini 3 (gini moja ni shilingi 21 za Kiingereza), mwanamke gini 2, siku za mwanzo baada ya ufunguzi ukalipa pauni nzima, yaani shilingi 20, baadaye shilingi 5, na ni kuanzia Mei 26 ndipo Jumatatu hadi Alhamisi ikawa shilingi 1. Katika wageni kama milioni 6, zaidi ya milioni 4 waliingia siku za shilingi. Sasa kibarua wa shamba Uingereza miaka ile alikuwa akipata kama shilingi 9 na nusu kwa wiki, kwa hiyo hata hiyo siku ya bei rahisi ilimla sehemu ya kumi ya wiki yake, bado nauli ya treni, bado chakula. Mwanafunzi akishapiga hesabu hiyo mwambie aende kwa mjomba wake anayekata miwa aulize analipwa ngapi kwa wiki, kisha atazame tiketi ya shoo, apige hesabu ileile. Ghafla 1851 na Kakira, mashamba yetu ya miwa karibu na Jinja, viko kwenye daftari moja. Swali la nani alitegemewa kuja na nani alitegemewa kubaki nyumbani linajibiwa na tiketi, haliwezi kujibiwa na hotuba ya mgeni rasmi.

Yapo mengine ni mazito zaidi na sioni kwa nini tuwafiche watoto. Mwaka 1896 huko Treptow, Berlin, Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni na wakaleta watu zaidi ya 100 kutoka Afrika na Pasifiki wawe ndio maonyesho, na kati yao walikuwemo Waswahili na Wamasai kutoka upande huu wetu wa Afrika Mashariki. Watu wanaoongea lugha hii ninayoandika sasa hivi walikaa kwenye vibanda wakitazamwa kwa tiketi. Ripoti rasmi ilitoka, na daktari Felix von Luschan aliwapima miili na kuwapiga picha. Ukiisoma ripoti hiyo harakaharaka unaona namba tu na sura. Ukiisoma polepole unaanza kuona watu, kuna waliokataa kupimwa, kuna waliotaka kupigwa picha wakiwa na suti zao na si mavazi waliyopangiwa, na kuna Mkameruni mmoja, Kwelle Ndumbe, aliyejinunulia darubini ndogo ya ukumbini akawa anawatazama wale waliokuja kumtazama. Kitendo kile kimo ndani ya masimulizi ya maonyesho yaleyale yaliyotaka awe kitu cha kutazamwa. Ndiyo maana nasema usiogope chanzo kilichoandikwa na mkubwa, kisome ukitafuta yule aliyeandikwa.

Uganda nayo ilikuwemo Wembley, London, mwaka 1924, kwenye maonyesho ya dola ya Uingereza yaliyofunguliwa na mfalme George wa 5 tarehe 23 Aprili, ndani ya banda la Afrika Mashariki pamoja na majirani. Hapo ukisoma upande wa waandaaji unakuta nchi imegeuzwa orodha ya mali ghafi, pamba yetu hii iliyoingizwa 1903 ikiwa mbele, na wakulima wenyewe hawana jina. Basi weka karibu yake barua ya Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, aliyeandika mwaka huohuo kulipinga gazeti la London lililowatukana Waafrika Magharibi wakati wa maandalizi ya maonyesho hayo, na mwaka uliofuata akawa mmoja wa walioanzisha umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi. Karatasi mbili za mwaka mmoja kuhusu shughuli moja, na hazikubaliani kabisa. Hivyo ndivyo historia inavyotakiwa kumfikia mtoto.

Sasa geuka huku kwetu uniambie tuna nini mezani.

Karatasi za zamani zipo jamani, tusijidharau. Nyaraka za taifa ziko Wandegeya, Kampala, chuo kikuu cha Makerere wana sehemu yao ya vitabu na magazeti ya Afrika, maktaba ya Uganda Society iko pale makumbusho Kira Road, Jinja yenyewe ina nyaraka za wilaya zilizopangwa vizuri, na Fort Portal chuo cha Mountains of the Moon kimehifadhi za Kabarole kwa njia ya kidijitali. Mafaili ya ma-DC, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, ripoti za kilimo, magazeti ya Kiganda kama Ebifa na Munno yaliyoanza kabla ya vita vya kwanza. Na si karatasi tu, maana biashara na mikusanyiko ya watu huku haikuanza na Mzungu. Kibiro, kando ya Ziwa Albert huko Hoima, wanawake wamechemsha chumvi mamia ya miaka, ardhi ile haioti chakula cha maana kwa hiyo chumvi ndiyo ilinunua chakula, na wachimbuaji wa mambo ya kale walipochimba pale mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 walikuta tabaka juu ya tabaka za majivu na vigae. Chanzo cha awali pale ni udongo, na ni mabibi wenyewe ambao bado wanaijua kazi. Mwalimu wa Hoima akipuuza hiyo akakimbilia Chicago peke yake nitamshangaa.

Shida ni shoo zetu za sasa hizi, Jinja ya wakulima, Lugogo ya wenye viwanda kule Kampala, na zile ndogo za wilaya. Nenda utafute orodha ya walioshiriki miaka kumi na mitano iliyopita uone. Niliwahi kwenda ofisi moja kuuliza makaratasi ya shoo ya zamani, nikaambiwa walipohama jengo yalichomwa pamoja na takataka nyingine, na aliyeniambia hakuona ubaya wowote. Picha ndizo zinaniumiza zaidi, kwa sababu tofauti na Chicago sisi kila mtu ana kamera mfukoni, bure, hakuna dola 2, mamia ya watu wanapiga picha, zinawekwa wasapu status, baada ya saa 24 zimekwenda, simu ikiibiwa teksi paki ndio basi kabisa. Arnold alikuwa mmoja na picha zake bado tunaziona leo. Sisi tuko wengi na mjukuu wangu atakosa hata moja.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze 2020 tunaambiwa tuwape watoto kazi za mradi, na Kiswahili kimeingizwa humo S1 na S2, ile miaka miwili ya kwanza ya sekondari, halafu walimu wengi tunaishia kuwaambia watengeneze sabuni na mikeka. Si mbaya. Lakini shoo iko hapa mlangoni, mradi wenyewe huo! Mtoto aende akusanye tiketi, programu, vipeperushi vya mbegu, bei zilizoandikwa kwa mkono kwenye mabanda, apige picha ya ramani ya uwanja. Na atoke nje ya geti pia, hili nalisisitiza sana, azungumze na mama anayechoma mahindi barabarani, mwenye roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai), vijana wa boda, na wale waliofukuzwa wasiuze karibu na ukuta, maana hao hawatakuwemo kwenye katalogi yoyote kama vile vibarua waliojenga majumba meupe ya Chicago hawana majina kwenye zile picha nzuri. Amrekodi kwa ruhusa yake, aandike kwa Kiswahili au Kisoga, tarehe na mahali. Kisha arudi darasani aweke kazi yake karibu na tiketi ya 1851 na kijitabu cha Wells, aulize maswali yaleyale, nani alilipa, nani alionyesha, nani alionyeshwa, nani aliandika.

Kwa waandaaji ombi langu ni dogo, chapisheni katalogi yenye majina ya wakulima na si ya wadhamini peke yake, na kila mwaka nakala moja ipelekwe Wandegeya na nyingine maktaba ya Jinja. Haigharimu hata nusu ya bango moja la pale getini.

Na wewe unayesoma, kama mama yako au mzee wa nyumbani kwenu ana tiketi ya shoo ya zamani, cheti cha ng'ombe aliyeshinda, picha ya mwaka wowote, Jinja au Lugogo au Mbarara, usiitupe na usiilaminishe, ile plastiki ya moto inaharibu karatasi na huwezi kuitoa tena. Muulize ilikuwa mwaka gani, nani yumo, nani alipiga, uandike nyuma kwa penseli maana wino wa biki hupenya. Ukiweza piga nakala umtumie mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe, na ukiwa huku Busoga niletee mimi.