Mwizi wa betri na damu ya baba yake

Juzi mwaloni Kirumba, Mwanza, kijana wa miaka 17 alinaswa na betri ya taa za kuvulia dagaa, kaificha kwenye kiroba. Mgambo hajafika, mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye chanja alishahukumu: "Mnashangaa nini? Baba yake si yuko gerezani Butimba? Damu hiyo." Watu wakaitikia, mtoto wa nyoka ni nyoka, biashara ikaendelea.

Wapo wasomi waliolisema hilo kabla yake. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kuna mtu anayezaliwa mhalifu, na utamjua kwa taya, paji la uso na masikio. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza Uingereza, akatoa vipimo vya wafungwa wapatao 3,000; sura hiyo hakuiona. Lakini tusimcheke Lombroso. Huku kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, eti ni wachawi, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni na samadi waliopikia maisha yao yote.

Kwa hiyo nimtupilie mbali yule mama? Siwezi. Mtoto wa mwizi hurithi damu, lakini hurithi pia mtaa, njaa na marafiki; kuvitenganisha ni kazi. Watafiti walijaribu huko Denmark kwa kufuatilia watoto zaidi ya 14,000 waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakachapisha matokeo mwaka 1984. Kwa wavulana ambao wazazi wa pande zote mbili, wa damu na walezi, walikuwa safi, asilimia 13.5 walitiwa hatiani. Aliyekuwa na hatia akiwa mzazi mlezi peke yake, 14.7. Akiwa mzazi wa damu peke yake, 20. Pande zote mbili, 24.5. Na hapa ndipo panaponiuma mimi nisiyeipenda nadharia hii: uhusiano wa damu ulionekana kwenye makosa ya mali, si kwenye ukatili. Wizi, yaani. Betri.

Ila zigeuze hizo namba. Katika kila wavulana 100 wenye mzazi wa damu mwenye hatia na walezi safi, 80 hawakutiwa hatiani kamwe. Wala hakuna jeni ya kuiba betri. Kinachorithiwa pengine ni pupa, au kutoogopa, tabia ambazo ziwani usiku humfanya mtu mvuvi hodari. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba jeni iitwayo MAOA, inayohusika na kemikali za ubongo, ikiwa ya aina dhaifu, iliwaelekeza kwenye ukorofi zaidi wale walioteswa utotoni. Waliolelewa vizuri wakiwa na jeni ileile, haikuwa hivyo.

Mahakamani ndiko hoja hii inakosa mwelekeo. Mwaka 2009 mahakama ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja, jeni zake zikiwa miongoni mwa sababu. Hakimu mwingine angeweza kusema: kama ni damu, huyu habadiliki, aongezewe.

Kuna kitu yule mama alikisahau. Kijana ana kaka, baba mmoja mama mmoja, ambaye wenye mitumbwi humwachia taa zao azichaji. Siku ile alikuwa palepale, anamhangaikia mwenye mali betri nyingine ili asikose kwenda ziwani usiku.