Wewe una siku 30, bosi ana miaka mitatu

Siku ya nne baada ya kuachishwa kazi, saa tano usiku, niliandika Facebook maneno niliyokuwa nimeyabeba kifuani kwa miezi. Sikutaja jina la mtu. Niliandika tu "yule mzee wa Prado nyeupe anayekula NSSF za watu". NSSF ni mfuko wa hifadhi ya jamii, tunakokatwa mshahara kuchangia, na ofisi nzima ilikuwa na Prado nyeupe moja. Kulipokucha nilikuwa na "pole sana kaka" za kunishibisha, na kabla wiki mbili hazijaisha bodaboda akaniletea bahasha ya kaki. Barua ya wakili, kurasa mbili: nifute, niombe radhi pale pale nilipoandikia, nilipe na fidia. Nimepewa siku saba.

Nilikuwa nikijiambia kwamba mradi nasema kweli, nani atanigusa. Kweli ni kinga, sikatai, ila ni kinga ya kuthibitishwa, na wa kuithibitisha ni wewe uliyeandika. Hapo ndipo tunapotupa upendeleo ambao wengi hata hatujui kama tumepewa. Hapa Tanzania, kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema kwamba kwenye shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kuwa alikuachisha kwa haki. Ukiwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, jasho linamtoka yeye. Ukiuhamishia ugomvi ule ule Facebook, naye akaenda kufungua kesi ya kashfa, mzigo umejitwisha mwenyewe.

Na muda nao hauko upande wako. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Madai mengine, kama mishahara, siku 60. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kueleweka, na "nilikuwa najibu komenti" sidhani kama itapita. Yeye aliyechafuliwa jina ana miaka mitatu ya kujiandaa kukushtaki. Unaposti kwa hasira wiki ya kwanza, unafarijiwa wiki ya pili, unatafuta wakili wa kujibu barua wiki ya tatu, mara siku 30 zimekatika na fomu ya CMA, ambayo hata hailipiwi, hujaigusa. Nimeona watu wawili wakipoteza haki yao hivi hivi. Mimi nilipona kwa siku tatu tu.

Hebu turudi kwenye sentensi yangu ya Prado. "Anayekula" maana yake mwizi, na wizi ni jinai. Nilikuwa na nini mkononi? Slipu za mshahara zinazoonyesha nimekatwa kila mwezi, na taarifa ya michango yangu kutoka NSSF yenye miezi mitano mitupu. Basi. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo iliyoonyesha hela imeingia mfukoni mwa nani. Huenda alikula kweli. Huenda kampuni ilikuwa hoi ikalipia mafuta kwa michango yetu, jambo ambalo nalo ni kosa, lakini si lile nililoliandika. Nilichoweza kukisimamia ni hiki: "Nimekatwa michango ya NSSF kuanzia Machi hadi Julai, na haionekani kwenye taarifa yangu." Sentensi kavu, haina utamu wala haipati like, lakini wakili ataishikia wapi? Tena mahali pake hasa ni dirishani NSSF kwenyewe, ambako kuna wakaguzi wenye uwezo wa kumfuata mwajiri.

Kuna na upande wa jinai. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Aliyeandika kwa nia safi anaweza kujitetea, sawa, ila mahabusu hawasubiri hukumu ndipo wakupokee. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5, inakataza kubaki ndani ya mfumo wa kompyuta baada ya ruhusa yako kwisha. Wale mnaoingia bado kwenye imeili ya kazini kwa nywila ya zamani "kuchukua ushahidi", kasomeni hicho.

Jina la bandia nalo linakukinga mradi mwenye mtandao amegoma kukutoa. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni ambako wengi huandika kwa majina ya bandia, alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi wa polisi, waliokuwa wakitaka taarifa za watu walioandika humo. Faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Wangapi watakubali kubeba hivyo kwa ajili yako? Na ile sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Stetasi ya WhatsApp si mamlaka.

Sisemi haya ni haki. Mwenye wakili wa kulipwa kila mwezi anaandika barua kama anavyoagiza chai, na anajua wewe barua moja tu inakutoa usingizi. Inanikera mpaka leo.

Nilijaza fomu yangu siku ya 27. Siku ya usuluhishi, mwakilishi wa kampuni hakuanza na sababu za kuniachisha. Alitoa faili, akaweka mezani posti yangu iliyochapwa kwa rangi, na komenti zote za "mlipue kaka", na saa nzima tukazungumzia karatasi ile badala ya michango yangu. Mwishowe wakakubali kulipa michango na notisi, madai mengine nikayaacha, nami nikasaini kufuta na kutowataja tena. Naona tayari kuna mtu anajiandaa kuniuliza kwenye komenti ni kampuni gani.