Kabla ya kununua vitabu vipya, maktaba za mikoa ziazimane vilivyopo

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ikafunguliwa Desemba 1967. Kwa hiyo mtandao wa maktaba tunao siku nyingi. Ninachokitaka ni kuona kitabu kilichopo Iringa kikimfikia msomaji wa Songea, na hilo halisubiri bajeti ya vitabu. Linasubiri orodha moja safi na nauli ya kifurushi.

Orodha ndiyo inayochosha. Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, haina ada ya leseni na inaruhusu maktaba nyingi kutumia kanzidata moja. Taarifa za kitabu huingizwa mara moja. Kisha kila nakala hupewa uga wake wa 952, yaani sehemu ya kujaza taarifa za nakala hiyo: a ni maktaba yenye mali, b ni mahali kitabu kilipo sasa, o ni namba ya rafu, p ni msimbomilia, ile mistari inayosomwa na skana. Kitabu kikipokelewa Songea bila kuskaniwa, b hubaki Iringa, na mkutubi atakitafuta rafuni hadi achoke.

Balaa kubwa liko kwenye majina. Mmoja ameandika “Robert, Shaaban”, mwingine “Shaaban Robert”, wa tatu “Shaban Robert”. Kompyuta inahesabu waandishi watatu. Liwepo faili moja la majina yaliyoidhinishwa, na ruhusa ya kuongeza jina jipya wapewe watu wachache sana. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, nayo isitegemewe peke yake. Vitabu vingi vya kabla ya miaka ya 1970 havina, na tangu Januari 2007 namba ina tarakimu 13 badala ya 10. Kuongeza 978 mbele hakutoshi, kwa kuwa tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya. Linganisha pia jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na toleo.

Masanduku yawe madogo. Vitabu 40 vya gramu 400 ni kilo 16, mzigo wa mtu mmoja. Weka 100 uone: kilo 40 zitaburutwa sakafuni, na vitabu vitafika vimeachia gundi. Orodha ya vilivyomo iwe nakala mbili, moja ndani ya sanduku, nyingine ibaki kwa mtumaji.

Halafu nauli. Akiilipa mtumaji, maktaba yenye vitabu vingi ndiyo inayoumia, na haitachukua muda itaanza kusema kitabu “kimetoka”. Fungu hilo litengwe makao makuu. Hasara iwe ya aliyeazima, tangu anaposaini kupokea hadi mwenye mali anaposaini kurudishiwa.

Kenya wana kazi ya ziada. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba chini ya kaunti, hivyo sanduku likivuka mpaka wa kaunti limevuka pia bajeti. Huko makubaliano ya nauli na hasara yasainiwe na kaunti zenyewe kabla sanduku la kwanza halijapakiwa.